Yusufu Hakumzaa

Garissa, Jumapili, 24 Desemba 1995

Joto limeanza mapema leo, kabla hata sijamaliza kunyoa ndevu. Upepo unatoka upande wa mto, lakini hauleti ubaridi. Unaleta mchanga, na mchanga huo umekwisha kuingia hata katika kikombe changu cha chai. Hali ya moyo: mpweke. Ningependa kuandika neno jingine, ila nililelewa nisiandike uongo.

Niwie radhi, shajara, kwa kukuacha kimya tangu mvua zilipokoma. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kulitazama, nami najua kwamba nikikaa na kalamu mkononi nitalitazama tu.

Leo nimelitazama. Kwa hiyo nakuandikia.

Desemba ni mwezi mgumu kwa mtu kama mimi katika mji huu. Walimu, wauguzi, makarani na askari wenye likizo hufunga mizigo yao na kwenda nyumbani, huyu Machakos, yule Meru, mwingine Kisii. Wakati wa kuagana kila mmoja huniuliza kwa upole, "Na wewe, Mzee Barnaba, mwaka huu pia hutaenda kwenu?" Nami hujibu kwamba nitabaki kuiangalia nyumba. Nimekuwa nikiiangalia nyumba hii tangu nilipostaafu, na haijawahi kujaribu kutoroka.

Ukweli ni kwamba sina kwetu.

Niliokotwa. Neno lenyewe ni hilo, na samahani kwa ukavu wake. Muuguzi wa misheni moja huko chini ya mto alifungua mlango wa zahanati alfajiri akanikuta barazani, nimefungwa ndani ya leso, kitovu hakijakauka. Hakuna aliyejitokeza kunidai. Akaniita Barnaba, na palipotakiwa jina la baba wakaandika Misheni, kwa kuwa ndipo nilipopatikana. Barnaba Misheni: ndivyo kinavyosema kitambulisho changu hadi leo. Shuleni, wenzangu walipokwenda likizo kwa wazazi wao, mimi nilibaki nikifagia uwanja. Waliporudi walinigawia mihogo na maembe makavu waliyopewa na mama zao, kwa maana hawakuwa watoto wabaya. Lakini siku ya ugomvi walikuwa na neno lao: "Nyamaza wewe, mama yako ni baraza."

Maisha yangu yote nimekuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda. Nimefunga vidonda Sangailu, nimefunga Kutulo, nimefunga hapa Garissa mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Kidonda hicho kimoja, cha lile neno la baraza, sikukipatia dawa.

Marehemu mke wangu Tabitha ndiye peke yake aliyeijua habari hii yote. Wageni walipoanza kunidadisi kuhusu jamaa zangu, yeye alikuwa akiingia na birika la chai na kuuliza ni nani anayetaka sukari zaidi. Alifanya hivyo miaka yote ya ndoa yetu, bila hata siku moja kuniambia kwamba anafanya. Mungu hakutujalia watoto. Alipofariki, ndugu zake walikuja na lori kutoka Taita, wakamchukua kwa heshima zote, wakamlaza kati ya mama yake na shangazi yake. Hakuna nafasi kushoto kwake wala kulia. Niliwashukuru, nikapanda basi, nikarudi.

Sasa hakuna birika.

Majirani zangu ni Wasomali, watu wa mifugo na biashara, wakarimu kupita kiasi. Sina lawama nao hata kidogo. Ila kwao mtu hukaa ndani ya majina. Ukikutana na mgeni unamwuliza baba yake ni nani, na babu yake, na baba wa babu yake, mpaka mpande pamoja na kupatana mahali fulani huko juu kwa wahenga; ndipo mnakunywa chai kwa amani, kila mtu akijua anazungumza na nani. Mtoto hufundishwa majina hayo kabla ya kufundishwa kuhesabu mbuzi.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilikuwa nje nikinunua maji kwenye mkokoteni wa punda. Akaja Halima, mjukuu wa jirani yangu Haji Nuur, msichana mdogo aliyeng'oka meno ya mbele. Alikuwa amemaliza kufundishwa ukoo wake, akataka usikilizwe. Akafumba macho, akaanza: Halima, Abdi, Nuur, Farah, Warsame, Guled, Samatar, akazidi kwenda, akivuta pumzi kati ya majina kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani. Alipofika juu akafumbua macho, akanitazama kwa furaha kubwa.

"Sasa wewe, awoowe," akasema, yaani babu. "Sema yako."

"Barnaba," nikasema.

Akangoja. Mwenye punda naye akangoja.

"Endelea!"

Nilimwambia nina haraka, nikachukua mtungi wangu, nikaingia ndani na kufunga geti. Mzee mzima, nimemkimbia mtoto asiye na meno ya mbele.

Tangu siku hiyo sikuketi tena kwenye mkeka wa Haji Nuur, ambako nilikuwa nimezoea kunywa chai kila jioni. Haji ni rafiki. Huniita Daktari, kama waniitavyo wengi hapa kwa sababu ya sindano, na katika ujirani wetu wote hakuwahi kunibana kwa maswali. Lakini nilijua mtoto husimulia, na niliogopa kuyaona macho yake.

Juzi Ijumaa akabisha hodi yeye mwenyewe. Alisema shemeji yake, Mzee Gedi, amewasili kutoka Mandera. Jumapili adhuhuri atachinjwa mbuzi, nami natakiwa.

"Umepotea, Daktari," akasema. "Mimi nimekukosea?"

"La hasha, Haji. Mimi ndiye wa kuomba radhi."

"Radhi baki nayo. Wewe kuja kula."

Jioni ileile akafika mwinjilisti wetu, naye ana ombi lake. Mchungaji amesafiri, wasomaji wote wamesafiri. Je, ningekubali kusoma somo la Injili Jumapili ya mwisho ya Majilio? Nikauliza ni somo gani. Akatazama kofia yake.

"Lile la ukoo wa Bwana, Mzee. Yale majina. Waliobaki wanayaogopa."

Sikumwambia kwamba mimi nayaogopa kuliko wao wote.

Jana nilishinda nikitafuta udhuru wa kuwakwepa wote wawili. Nilifikiria koo. Nilifikiria mgongo. Mwishowe nilikaa kitandani nikajiambia wazi lile lililokuwa likinitafuna, nami naliandika hapa ili lisije likajificha tena. Nitafia katika mji huu, kati ya watu hawa, na hakuna hata mmoja wao anayejua mimi ni nani. Nikiendelea kufunga geti kila linapokuja swali, nitakuwa nimemzika Barnaba kabla ya siku yake, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Na nikilifungua, nitasema nini? Kwamba sina baba? Neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote ila Tabitha, na hata kwake nililitamka gizani.

Nililala bila kuamua.

Asubuhi ya leo kanisani tulikuwa wachache mno, hata mwinjilisti akatuomba tusogee mbele tusikae kama mawe yaliyotawanyika. Walikuwapo wake kadhaa wa askari, muuguzi aliyekosa likizo, mafundi wa barabara, na Mama Wanza, mjane mwenzangu, muuza mboga sokoni, ambaye huketi benchi la kwanza na husema lolote analoona linastahili kusemwa. Mabati yalikuwa yakilia juu yetu kwa joto.

Nilisimama nikaanza. Ni somo la ajabu ukilisoma kwa sauti. Fulani akamzaa fulani, naye akamzaa fulani. Baada ya muda huyaoni tena maneno, ulimi unakwenda wenyewe kama punda wa maji aijuaye njia. Wakapita Ibrahimu na Isaka na Yakobo. Wakapita wafalme. Wakaja wale wasiojulikana, akina Azori na Akimu na Eliudi, watu ambao kazi yao yote katika Maandiko ni kuwa baba ya mtu. Kila "akamzaa" ilinichoma kama mwiba mdogo. Nikawaza: hata Bwana wangu anayo majina. Hata yeye angeweza kusimama mbele ya Halima akayapanda mpaka juu. Ni mimi tu.

Kwa mwendo uleule nikafika mwisho, nikasoma kwa sauti ya mtu anayetua mzigo: Yusufu akamzaa Yesu.

"Hapana!" Mama Wanza akasema kutoka benchi la kwanza. "Rudi nyuma, Mzee. Yusufu hakumzaa!"

Wake wa askari wakainamia vitabu vya nyimbo, mabega yakitikisika.

"Samahani, Mama," nikasema. "Ni macho yangu."

"Si macho. Ni nyinyi wanaume, kila mtoto mnataka mwandikiwe nyinyi."

Hapo hata muuguzi alicheka, na mwinjilisti akakohoa kwa muda mrefu. Nikarudisha kidole kwenye mstari ule, nikausoma upya, polepole, kama nilivyoagizwa.

Na nikauona.

Fungu hili nalijua tangu utoto. Tulilikariri darasani, na aliyeruka jina alichapwa. Lakini kwa kuwa leo nilikuwa nimekosea mbele za watu, ilinibidi nisimame mahali palepale ambapo sikuwahi kusimama, mahali ambapo mnyororo unakatika. Majina yote yale, vizazi vyote vile, vinashuka mpaka mlangoni pa seremala, halafu haviingii. Yusufu hakuzaa. Yusufu alimpokea mtoto ambaye si wa damu yake, akampa jina, akamwita wake mbele ya majirani wenye macho. Ibrahimu na wafalme wote wakawa wazee wa mtoto yule kwa sababu mtu mmoja alikubali kusema: huyu ni wangu.

Bwana wangu aliingia katika ukoo wake kwa mlango nilioingilia mimi.

Nilibatizwa kabla sijajua kusema. Nimeimba tangu hapo kwamba sisi ni wana wa Mungu, nimeimba kwa sauti ya pili, kwa bidii, na ndani ya moyo nilidhani hiyo ni namna ya upole ya kuwafariji watu wasio na kitu halisi. Wengine wana baba. Nasi tumepewa wimbo. Ndivyo nilivyoamini, na ni aibu kuandika hivyo baada ya ibada nyingi kiasi hiki. Leo niliona kwamba kupokelewa si mbadala wa kuwa mwana. Ndiko kuwa mwana kwenyewe. Aliyenipokea alinijua, akajua na lile baraza, na hakungoja nimtajie mtu.

Sijui nilimaliza vipi. Nilisoma yaliyobaki nimeinamia kitabu, nao watakuwa wamedhani nimefedheheka kwa lile kosa. Naomba radhi kwao. Sikuwa nimefedheheka.

Baada ya ibada nilitembea kurudi. Nilipofika kwenye geti langu nilisimama, nikashika komeo. Nikakumbuka kwamba bado sijafanya lolote; nimesoma tu. Kusoma ni rahisi, kitabu hakikuulizi.

Nikaliachia komeo, nikaenda kwa Haji Nuur.

Mkeka ulikuwa umetandikwa kwenye kivuli cha ukuta, na sinia la wali na nyama katikati. Mzee Gedi ni mtu mwembamba, mwenye ndevu zilizotiwa hina na macho ya mtu aliyenunua na kuuza ngamia maisha yake yote. Alinitazama kana kwamba karibu atanifungua mdomo ahesabu meno. Tukanawa mikono. Hatujagusa wali bado, swali likaja.

"Daktari. Wewe mtu ya wapi? Baba yako nani, babu yako nani?"

"Wacha mtu ale kwanza," Haji Nuur akasema haraka, na kwa jinsi alivyosema nilijua kwamba Halima alikuwa amesimulia. Nilimshukuru moyoni. Lakini nikaweka mkono juu ya mkono wake.

"Sijui, Mzee Gedi," nikasema. "Niliokotwa barazani kwa misheni, ningali mchanga. Baba simjui. Mama simjui."

Basi. Maneno machache tu. Nilikuwa nimeyabeba tangu uwanja ule wa shule.

Haji Nuur aliacha mkono wake ukining'inia juu ya sinia. "Subhanallah! Kumbe? Mimi miaka yote nafikiri Misheni ndiyo baba yako! Nimeambia watu, baba ya Daktari alikuwa mzee mkubwa ya mto, ana shamba, ana mashua!"

"Shamba alikuwa nalo," nikasema. "Mashua pia."

Mzee Gedi hakucheka. "Hata ngamia ikipotea iko na chapa," akasema. "Tunaangalia chapa, tunajua ya nani. Wewe huna chapa? Kwani ulinyesha na mvua?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimetarajia kufa kwa aibu. Nilikaa nikangoja. Nikaendelea kuwapo.

"Chapa ninayo," nikasema. "Ni ubatizo. Kuna Baba aliyenipokea akaniita wake. Ndiyo imani yangu, Mzee, na samahani kuileta kwenye chakula chako."

"Mungu hana mtoto. Sisi hatusemi hivyo."

"Waryaa, Gedi," Haji akamkemea, "kesho ni sikukuu yao. Usianze."

"Sianzi! Mimi nasema tu." Akatafuna, akafikiri. "Isa mwana wa Maryam, huyo hana baba, hiyo tunajua. Na mtu akimcheka ni kafiri." Akaninyooshea kidole chenye mafuta. "Lakini tabu iko moja. Isa ni nabii. Wewe ni mtu ya sindano."

Tulicheka sote watatu. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa, na Haji akanipiga mgongoni kwa nguvu isiyohitajika.

Kisha Mzee Gedi akasema jambo ambalo bado niko nalo sasa ninapoandika. Alilisema bila dharau, kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake ushauri wa njia.

"Lakini sikia, Daktari. Majina si ya kujisifu. Majina ni ya kujua nani atakuja kubeba maiti. Yako nani atabeba?"

"Bado sijui," nikasema.

Haji Nuur alichambua sinia kwa vidole, akapata kipande cha nyama chenye mafuta, kile ambacho mwenye nyumba humwekea mgeni, akakisukuma upande wangu. "Kula," akasema. "Chakula inakuwa baridi." Hakusema kwamba yeye atakuja. Sikutegemea aseme, kwao mazishi yana taratibu zao, na kwetu yana zetu. Nilikula.

Sasa ni jioni, na nyumba iko kimya. Kiti cha Tabitha kiko pale kilipo. Nisikudanganye, shajara: upweke haujaondoka, wala sidhani utaondoka. Ila miaka hii yote niliudhani ni kitu kimoja na aibu, kwa sababu siku zote nimeviona pamoja. Leo aibu haikurudi nami kutoka kwa Haji. Upweke umerudi peke yake, umekaa, na ukiwa peke yake si wa kutisha kama nilivyodhani. Ni hamu ya watu tu. Huenda hamu ya watu ni kitu ambacho mtu anaweza kukifanyia kazi.

Nimelifikiria swali la Mzee Gedi. Niliomba, na katika kuomba niligundua kwamba sijawahi kumwuliza yeyote. Nilikuwa nikisikitika kwamba hakuna atakayenibeba, na sikuwa nimemwomba hata mtu mmoja, kwa kuwa anayeomba hivyo hulazimika kusema ni kwa nini anaomba.

Kesho ni Krismasi. Ibada ikiisha nitamwendea Mama Wanza na mwinjilisti, niwaambie nilivyopatikana, na niwaulize kama siku yangu ikifika watanibeba na kunizika hapahapa Garissa, kama mtu wao. Ni ombi zito kwa asubuhi ya sikukuu, na bila shaka nitaanza kwa kuomba radhi.

Lakini nitauliza.